Saa Ni Zilezile, Siku Ndizo Zimepungua: Hotuba kwa Wanaotaka Kusoma Kozi za Chuo Mtandaoni Kiangazi

Wakubwa, shikamooni. Wanafunzi, hamjambo.

Tumeitwa tuzungumzie kozi za chuo zinazosomwa mtandaoni wakati wa kiangazi hapa Marekani. Sisi tunaofanya kazi ya usajili na ushauri wa masomo tunaona wengi wakijiandikisha mwezi wa nne kwa imani kwamba kozi ya wiki tano ni theluthi ya kozi. Tuanzie hapo, kwa sababu mengi yanayoharibika mwezi wa saba yanatokana na hesabu ambayo haikufanywa mwezi wa nne.

Kanuni ya serikali kuu inapima krediti moja ya semista hivi: saa moja ya darasani na angalau saa mbili za kazi nje ya darasa kila wiki, kwa takriban wiki 15. Kozi ya krediti 3 basi ni saa 9 kwa wiki, jumla saa 135. Kanuni hiyohiyo inasema muda wa kozi ukibadilika, kiasi cha kazi kibaki kilekile. Zigawe saa 135 kwa wiki 8, unapata karibu 17 kwa wiki. Kwa wiki 6 ni saa 22 na nusu. Kwa wiki 5 ni 27. Vipo vyuo vyenye kipindi cha wiki 4, na huko ni karibu saa 34 kila wiki kwa kozi moja tu.

Sasa mchukue mtu mwenye kazi ya saa 40 ambaye amejiandikisha kozi mbili za wiki 5. Kazi 40, masomo 54, jumla 94. Wiki ina saa 168. Toa 56 za kulala, zinabaki 18 za kupika, kuoga, kusafiri kwenda kazini, kufua, kulea na kwenda ibadani. Hizo ni saa mbili na nusu kwa siku. Wiki ya kwanza mtu huyo anaweza kujikaza. Baadaye kinachokatwa kwanza ni usingizi, kisha mjadala wa kila wiki ambao anauona mdogo, kisha kozi yenyewe. Ushauri wetu hauna kona: mwenye kazi ya kutwa achukue kozi moja, na kama chuo kina kipindi cha wiki 8 au 10, achukue hicho. Asiye na kazi anamudu mbili za wiki 8. Tatu kwa pamoja hatumshauri mtu yeyote, hata yule mwenye alama za A tupu, maana alama zake alizipata katika wiki 15.

Na siku nazo zihesabiwe. Katika kozi ya wiki 5, kila wiki imebeba wiki tatu za semista ya kawaida. Ukiugua siku mbili, umekosa kama siku sita. Harusi ya kuanzia Ijumaa hadi Jumapili ni siku tisa za masomo. Wazazi, hili ni lenu pia: mnapomwambia kijana kwamba masomo yako kwenye kompyuta hivyo atayafidia akirudi, mnamwambia afidie zaidi ya wiki nzima ndani ya jioni mbili. Vilevile mhadhiri anayeahidi kujibu barua pepe ndani ya saa 48 hajakosea, lakini saa 48 zake ni siku zako sita. Swali gumu liulizwe Jumatatu. Ukiliuliza Ijumaa jioni, jibu litakuja wakati mada imeshapita.

Basi ni kozi gani zinafaa? Zinazobana vizuri ni zile ambazo sura moja haisimami juu ya mabega ya sura iliyotangulia: utangulizi wa saikolojia, sosholojia, historia ya Marekani, serikali na siasa, kuthamini muziki au sanaa. Ukikwama sura ya nne, ya tano bado utaielewa. Hizi pia kwa kawaida hujaza nafasi za masomo ya jumla yanayodaiwa na karibu kila shahada, kwa hiyo hata ukibadilisha fani, krediti hazipotei bure.

Hisabati na takwimu ni habari nyingine. Angalieni kozi ya utangulizi wa takwimu inavyokwenda katika wiki 5. Wiki ya kwanza ni grafu, wastani, na namna data inavyotawanyika. Kila mtu anatabasamu. Wiki ya pili inaingia hesabu ya uwezekano na mgawanyo wa kawaida, ule mchoro wenye umbo la kengele. Wiki ya tatu zinaingia sampuli na kukadiria kwa vipindi vya uhakika, na kabla hujazizoea, wiki ya nne ni upimaji wa nadharia tete. Mada hizi mbili zinatumia yote yaliyopita, na ubongo unahitaji siku kadhaa za kulala nazo kabla hazijakaa. Sasa tazameni kalenda: kwenye vyuo vingi, siku ya mwisho ya kujitoa kwa herufi W, alama inayoonyesha kwamba umejitoa kwenye kozi, inaangukia wiki ya tatu au ya nne. Mwanafunzi anafika mahali pagumu siku zilezile mlango wa kutokea unapofungwa, akiwa na alama za wiki mbili nyepesi zinazomdanganya kwamba mambo ni shwari. Kama hisabati inakusumbua, isome katika semista ndefu. Kama unaipenda, kiangazi kinaweza kukufaa sana, kwa sababu hutakuwa na kozi nyingine ya kukuvuruga.

Uandishi wa insha wengi hawauogopi, na wangeuogopa kidogo. Kozi ya utunzi wa Kiingereza ina insha nne hivi, na faida yake iko katika maoni ya mhadhiri. Katika wiki 5, insha ya pili inadaiwa kabla ya maoni ya insha ya kwanza kurudi. Unarudia kosa lilelile mara mbili, unakatwa alama mara mbili, na hakuna aliyekuonea. Kozi ya uandishi ichukuliwe ya wiki 8 au zaidi.

Sayansi yenye maabara ina tatizo la aina yake. Nyingine hutumia maabara ya kwenye skrini, nyingine zinakutaka ununue kisanduku cha vifaa kinachotumwa kwa posta. Kisanduku kikichelewa wiki moja katika kozi ya wiki 6, jaribio la kwanza na la pili limekupita. Kiagize siku unayojiandikisha. Na kabla hujafanya hivyo, wanaolenga udaktari, ufamasia au uuguzi waulize kwanza huko wanakokwenda: zipo programu zisizokubali maabara iliyofanywa nyumbani, na jibu la chuo kimoja haliwezi kutumika kwa kingine. Kemia ya kwanza na ya pili ndani ya kiangazi kimoja? Mtihani wa mwisho wa ya kwanza ni Ijumaa, ya pili inaanza Jumatatu, na mara nyingine alama za ya kwanza hazijaingia kwenye mfumo ili kukuruhusu. Wanaofaulu wapo. Wengi wao walikuwa wameshaisoma kemia vizuri sekondari.

Tuje kwenye jambo linalowagharimu wengi fedha: kusoma chuo cha jamii (community college) kiangazi, kwa ada nafuu, ili krediti zihamie chuo kikuu chako. Ni mpango mzuri, kwa sharti kwamba uthibitishe kabla ya kulipa. Neno la mtu kwamba inakubalika halitoshi. Unataka maandishi yanayosema kozi hii, kwa namba hii, kutoka chuo hiki, itahesabika kama kozi ile ya kwako. Baadhi ya majimbo yamekurahisishia. California ina tovuti ya ASSIST, inayoonyesha kozi za vyuo vya jamii zinavyolingana na za vyuo vikuu vya umma vya jimbo hilo. Florida ina mfumo mmoja wa namba za kozi kwa jimbo zima. Texas nayo ina namba za pamoja, na ukizijua unaweza kuzisoma mwenyewe: katika ENGL 1301, tarakimu ya kwanza ni ngazi ya mwaka, ya pili ni idadi ya krediti. Kama jimbo lako halina kitu cha namna hiyo, mtumie mshauri wako wa masomo barua pepe yenye namba ya kozi, maelezo yake na muhtasari wa kozi, uombe idhini kwa maandishi, na uhifadhi jibu lake.

Mnapouliza, mtofautishe kuhamia na kuhesabika. Kozi inaweza kukubaliwa na chuo chako kama krediti za hiari tu, zisizojaza nafasi yoyote ya shahada yako. Umelipa, umefaulu, na ile kozi ya lazima bado inakusubiri. Angalieni pia mfumo wa mihula: krediti moja ya robo mwaka ni theluthi mbili ya krediti ya semista, kwa hiyo kozi ya krediti 4 za robo inahamia kama 2.67, na shahada inayodai 3 itakuambia umepungukiwa. Vyuo vingi vinataka angalau alama ya C ndipo vipokee, na vingi vinahamisha krediti peke yake bila alama. Aliyepata F kwao akairudia kozi kwingine kiangazi ili apandishe wastani wake, mara nyingi atakuta wastani haujasogea hata nukta. Ya kurudia irudiwe palepale ulipoanguka. Na wa mwaka wa mwisho, ulizeni sheria ya krediti za mwisho: vyuo vingi vinadai 30 hivi za mwisho zisomwe kwao.

Fedha. Mwaka wa misaada ya serikali kuu unaanza tarehe 1 Julai na kuishia 30 Juni, kwa hiyo kiangazi kinakatwa katikati, na kila chuo kina uamuzi wake kuhusu upande upi kinauhesabia. Ndiyo maana tunasema ulizeni ofisi ya misaada: mnatumia FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa serikali kuu, ya mwaka gani kwa kiangazi hiki? Mtu aliyejaza moja akadhani inatosha anaweza kukuta Juni kwamba ilitakiwa nyingine.

Ruzuku ya Pell, fedha za serikali kuu kwa wanafunzi wenye uhitaji, inaweza kutumika kiangazi. Aliyesoma nusu ya mzigo msimu wa vuli na wa kuchipua huenda bado ana sehemu ya mwaka huo haijatumika. Aliyemaliza yote naye, tangu mwaka wa masomo 2017–18, anaweza kupata nyongeza, hadi jumla ya asilimia 150 ya kiwango chake cha mwaka, ila kwa nyongeza hiyo ni lazima awe amejiandikisha angalau nusu ya mzigo wa muhula. Kwenye vyuo vingi hiyo ni krediti 6. Kozi moja ya krediti 3 haifiki. Mikopo ya wanafunzi ya serikali kuu pia inadai nusu mzigo. Hapa ndipo mtego ulipo, kwa sababu krediti 6 za wiki 5 ni zile saa 54 tulizozitaja. Ukiweza, chukua moja kipindi cha kwanza na nyingine kipindi cha pili. Vyuo vingi huzijumlisha kama muhula mmoja wa kiangazi. Mkumbuke tu kwamba Pell ina kikomo cha maisha, sawa na mihula 12 ya mzigo kamili, na ya kiangazi inakula humohumo.

Ukisoma chuo cha ugenini, msaada haukufuati wenyewe. Huwezi kupokea Pell kwenye vyuo viwili kwa wakati mmoja. Ni lazima chuo chako na kile cha ugenini watiliane saini makubaliano, na fomu hiyo huzunguka kwa wiki kadhaa. Anayeileta wiki ya kwanza ya Juni kwa kozi iliyoanza Mei, kwa kawaida atalipa mfukoni. Tazama pia ada ya asiye mkazi. Kusomea sebuleni kwako hakukufanyi mkazi wa jimbo la chuo.

Wenye viza ya F-1, ya wanafunzi wa kigeni, tuwasemee peke yao, kwa sababu ushauri wanaopata kwa marafiki raia haufanani na hali yao. Katika muhula wa kawaida, kozi moja tu ya mtandaoni, au krediti 3, ndiyo inayoweza kuhesabika kwenye mzigo kamili unaotakiwa kuwa nao. Wanaosoma programu ya lugha hawaruhusiwi hata hiyo moja. Kiangazi kikiwa ni likizo yako ya mwaka, na unastahili na unakusudia kurudi vuli, hulazimiki kuwa na mzigo kamili, kwa hiyo unaweza kusoma mtandaoni kiasi unachotaka au usisome kabisa. Lakini kama kiangazi ndicho muhula wako wa kwanza, mzigo kamili unadaiwa na kikomo cha mtandaoni kinabaki. Na kama kiangazi ndicho muhula wako wa mwisho na imebaki kozi moja, kozi hiyo haiwezi kuwa ya mtandaoni. Hili la mwisho huwashtua wengi Mei, wakati kozi za ana kwa ana zimejaa. Nendeni kwa afisa wa wanafunzi wa kimataifa Machi, na mwambieni hata mnaposoma chuo kingine.

Sasa tuseme umechagua vizuri na umelipa. Kabla ya siku ya kwanza, soma maelezo ya ratiba: kuna kozi za mtandaoni zenye kipindi cha moja kwa moja, mfano Jumanne na Alhamisi jioni, na kuna zile za kusoma kwa wakati wako. Zote zinaitwa za mtandaoni. Ambayo haina siku wala saa kwenye ratiba kwa kawaida ni ya wakati wako, lakini hata hiyo inaweza kuwa na mtihani wa saa maalumu, au mtihani mmoja wa kufanyiwa kwenye kituo chenye msimamizi.

Siku kozi inapofunguka, kaa chini kwa saa mbili na muhtasari wa kozi na karatasi moja. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa mali ni tarehe. Andika kila tarehe ya kila kazi kwenye karatasi hiyo, za kozi zote pamoja, kisha weka alama kwenye siku ya mwisho ya kurudishiwa ada yote, siku ya mwisho ya kujitoa, na sikukuu: Jumatatu ya mwisho ya Mei, 19 Juni, 4 Julai. Ofisi zinafungwa sikukuu hizo, na vyuo vingi hufunga pia Ijumaa wakati wa kiangazi, lakini jaribio lililopangwa usiku wa tarehe 4 halisogei lenyewe. Siku ya kurudishiwa ada yote kwenye kozi ya wiki 5 inaweza kuwa ya pili au ya tatu tu tangu kuanza. Kwa hiyo uamuzi wa kubaki au kuondoka unafanywa ndani ya saa 48, na njia bora ya kuufanya ni kujaribu kazi ya kwanza halisi siku hiyohiyo na kuona imekula saa ngapi.

Na uifanye kweli, kwa sababu kuingia tu hakuhesabiki. Kwa sheria za misaada ya serikali kuu, kufungua ukurasa wa kozi si mahudhurio. Mahudhurio ni kukabidhi kazi, kufanya jaribio, kushiriki mjadala wa kitaaluma au kumwuliza mhadhiri jambo la somo. Vyuo vingi huwafuta wasiofanya lolote kati ya hayo wiki ya kwanza. Mwanafunzi anasema aliingia kila siku, na kumbukumbu za mfumo zinaonyesha hivyo, ila hakuacha alama yoyote.

Mijadala huwapotezea wengi alama, na inaudhi kwa sababu ni alama rahisi. Mpangilio wa kawaida ni chapisho lako la kwanza Jumatano, majibu kwa wenzako wawili Jumapili. Anayeandika vyote Jumapili usiku anakosa alama za Jumatano, na wenzake hawana tena muda wa kumjibu. Chapisho la maneno 200 hivi likiwa na rejeo moja la kitabu cha kozi linatosha. Hakuna anayetaka tasnifu.

Kitabu nacho kina mtego wake. Kozi nyingi za hisabati, uhasibu na sayansi hutumia jukwaa la mchapishaji, kama MyLab ya Pearson au Connect ya McGraw Hill, ambalo linahitaji msimbo wa kulipia. Mara nyingi unapewa siku 14 za kutumia bure. Katika semista ya kawaida hizo ni wiki mbili za mwanzo zisizo na uzito. Katika kozi ya wiki 5, siku ya 14 inaangukia karibu na mtihani wa katikati, na mlango unafungwa ukiwa umeshika kalamu. Nunua kabla ya siku ya 12. Kwanza lakini angalia akaunti yako ya ada: vyuo vingi sasa hukutoza kitabu cha kidijitali moja kwa moja, na anayetaka kujitoa ana siku chache. Wapo wanaolipa mara mbili kwa kitabu kilekile.

Kompyuta iwe kompyuta. Simu inafaa kusoma matangazo na kupiga picha kazi ya mkono, basi. Mitihani mingi inatumia LockDown Browser, kivinjari kinachokuzuia kufungua kitu kingine, au programu za usimamizi wa kamera, na hizo kwa kawaida haziendi kwenye simu; LockDown Browser haiendi kwenye Linux pia. Ile kompyuta ya ofisini uliyopewa na mwajiri huenda isikuruhusu kusakinisha kitu. Mhadhiri mzuri huweka jaribio la mazoezi lisilo na alama: lifanye siku ileile, mezani pale utakapofanyia mtihani, kwa intaneti hiyohiyo. Kama hakuweka, mwombe. Mambo yanayoharibu mtihani ni madogo: sasisho la Windows linaloanza lenyewe, kitambulisho kisichosomeka kwa kamera, mtoto anayeingia chumbani, intaneti yenye kasi nzuri ya kupakua lakini duni ya kupakia, na kamera inatumia ya kupakia. Likitokea la kutokea, piga picha ya skrini yenye saa na uitume kwa mhadhiri dakika hiyohiyo, kabla hata hujajaribu kurekebisha.

Kazi za mkono, hasa za hisabati, zikabidhiwe kama faili moja ya PDF yenye kurasa zilizopangwa. Picha za iPhone huhifadhiwa kwa HEIC na mifumo mingi haiifungui. Tumia programu ya kuskani iliyomo kwenye simu. Ukishakabidhi, fungua tena ulichokabidhi ukitazame. Faili tupu na rasimu ya jana ni vitu tunavyoviona kila kiangazi.

Mwenye ulemavu au anayepewa muda wa ziada wa mitihani, barua ya vuli kwa kawaida haivuki hadi kiangazi. Omba mpya kabla kozi haijafunguka, maana nyongeza ya muda haiwekwi kwa mtihani uliokwisha kufanyika.

Wako pia wanaokwenda nyumbani Afrika Mashariki kiangazi na kubeba kozi. Inawezekana, na saa ndizo zitakazokusumbua. Kiangazi, saa za mashariki ya Marekani ziko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 7, na za pwani ya magharibi kwa saa 10. Kazi inayofungwa Jumapili saa 5:59 usiku kwa saa za New York inafungwa Jumatatu saa 12:59 asubuhi kwa saa za Nairobi au Dar es Salaam. Ya Los Angeles inafungwa saa 3:59 asubuhi. Hiyo ni nafuu kwako. Kipindi cha moja kwa moja cha saa 12 jioni New York, kwa upande mwingine, ni saa 7 usiku. Canvas, mfumo wa masomo unaotumiwa na vyuo vingi, huonyesha muda kwa eneo la saa uliloweka kwenye wasifu wako, kwa hiyo libadilishe ukifika, kisha linganisha na muhtasari wa kozi. La pili ni uthibitisho wa kuingia: kama msimbo unatumwa kwa ujumbe wa simu na umeshatoa laini ya Marekani, umefungiwa nje. Kabla ya safari weka programu kama Duo Mobile, inayotengeneza msimbo bila mtandao, na uijaribu ukiwa umezima data. Vile visanduku vya maabara msivitegemee kuvuka forodha.

Mambo yakienda vibaya, wahi. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kujitoa, pigia simu ofisi ya misaada. Anayeacha masomo yote kabla ya kuvuka asilimia 60 ya kipindi, msaada wake hukokotolewa upya kwa siku alizosoma, na sehemu hurudishwa. Kwa kipindi kimoja cha wiki 5, asilimia 60 ni siku ya 21. Kanuni ina vighairi kwa anayesoma vipindi vinavyofuatana, ndiyo maana tunasema upige simu. W haiingii kwenye wastani wa alama, lakini inahesabika kama krediti ulizojaribu, na vyuo vingi vinakutaka umalize karibu asilimia 67 ya ulizojaribu ili msaada uendelee. Ukiwa umebakiza kidogo na dharura ni ya kweli, omba alama ya I, ya kozi isiyokamilika, kabla ya wiki ya mwisho. Kwa kawaida hupewa aliyekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi akiwa anafaulu. Kunyamaza huleta F.

Na kozi ikiisha, bado kuna karatasi. Aliyesoma ugenini ni lazima aagize transkripti rasmi, yaani orodha ya kozi na alama zake, itumwe chuoni kwake; haiendi yenyewe. Kwenye fomu ya kuagiza kuna sehemu ya kuchagua isubiri alama ziingie. Usipoichagua, itatumwa siku hiyohiyo ikiwa na nafasi wazi mahali pa alama, na utalipa mara ya pili. Kozi inayoisha katikati ya Agosti hukaribiana sana na mwanzo wa vuli, na mfumo wa chuo chako unaweza kukufuta kwenye kozi inayofuata kwa kuwa hauoni ile tangulizi. Mtumie msajili uthibitisho wa kujiandikisha kiangazi mapema, Julai, ili akuwekee ruhusa ya muda, kisha baada ya transkripti kufika ingia kwenye ukaguzi wa shahada yako uone kozi imekaa kwenye mstari wake. Ikiwa imetupwa kwenye krediti za hiari, ile barua pepe ya mshauri uliyoihifadhi mwezi wa nne ndiyo utakayoituma.